Maswali ya Wasomaji: Mizigo Ikiwa Bado Sakafuni Kwako

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu kuhama. Baadhi zimeandikwa na watu wanaojiandaa kufunga vyombo, na baadhi na watu waliokwisha kuhama ambao sasa wanahesabu hasara. Nimechagua tano, nikazifupisha bila kugusa kiini chake, na majina ya waandishi nimeyaacha kwa ombi lao wenyewe.

Swali: Kampuni inataka arubuni kabla ya kuona mizigo

Mwandishi, salamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mukono na nimepata uhamisho kwenda Arua. Niliona kwenye Facebook tangazo la kampuni ya kuhamisha mizigo, lenye picha za malori mapya na vijana waliovaa sare. Nilipopiga simu walinitajia shilingi 1,200,000 papo hapo, kisha wakataka niwatumie asilimia 40 kwa simu siku ileile ili wanishikie nafasi. Nilipojaribu kutuma, jina lililotokea lilikuwa la mwanamke ambaye hatukuwahi kuzungumza naye. Wanasema ni mhasibu wao. Je, nitume?

*Mwalimu, Mukono*

Jibu

Mwalimu, usitume, na ushukuru kwamba simu ilikuonyesha jina kabla hujaweka namba ya siri. Laini za simu hapa Uganda husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo jina linalotokea ni la mtu ambaye laini ile imeandikishwa kwake. Kampuni iliyozoea kupokea malipo kwa simu huwa na namba ya biashara yenye jina la kampuni yenyewe, na isipokuwa nayo basi ina akaunti ya benki kwa jina hilo. Mhasibu anayepokea fedha za kampuni kwa laini yake binafsi ni mhasibu ambaye kesho kampuni itakuambia haimjui.

Hata hivyo, jina la bibi huyo silo lililonishtua zaidi katika barua yako. Lililonishtua ni kwamba walikutajia bei bila kuona mizigo. Bei ya kuhama hutokana na mambo yanayoonekana kwa macho: ukubwa wa lori, idadi ya wabebaji, ngazi za kushuka huku na za kupanda kule, umbali kati ya mlango wako na mahali lori linapoweza kuegeshwa, na vitu ambavyo lazima vifunguliwe kwa bisibisi kabla havijatoka chumbani. Mtu mwenye kazi yake atakuja kuona, au kama ana shughuli nyingi atakuomba umpigie simu ya video ukipita chumba kwa chumba, na maswali yake yatakuchosha. Atakuuliza kama kitanda kinafunguka au kimepigwa misumari, kama vitabu vya mwalimu ni maboksi matatu au kumi na matatu (boksi la vitabu huonekana dogo hadi mtu aliinue), kama friji itakuwa imezimwa na kukaushwa tangu jana yake, na kama mtungi wa gesi utasafiri nao au utauacha.

Nilipata kumwona mmoja wa watu hao akifanya kazi yake katika nyumba moja ya Ntinda. Alipima kwa tepu kabati la vyombo, akapima mlango, akalipima kabati mara ya pili, kisha akamwambia mama mwenye nyumba kwamba kabati lile liliingia kabla ya mlango kuwekewa grili na halitatoka mpaka grili ing'olewe. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kusahau. Tatizo lile lingegunduliwa siku ya kuhama, lori likiwa nje na wabebaji wanne wamekaa juu ya magodoro wakingoja, lingegeuka mara moja kuwa tatizo la pesa. Kwa kuwa liligunduliwa siku sita mapema, lilikuwa tatizo la fundi wa kuchomelea tu, naye alilimaliza kwa asubuhi moja.

Anayetaja bei bila kuona hutaja bei ya kukuvuta, na baada ya hapo njia ni mbili. Ama atapotea na arubuni yako ya shilingi 480,000, ama atakuja kweli, apakie, halafu bei ianze kukua njiani. Njia hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, nami nitaieleza katika barua inayofuata. Zote mbili hutegemea jambo moja, yaani kukufanya ulipe au upakie kabla hamjaelewana kwa maandishi. Nguvu yako yote, Mwalimu, iko katika muda ambao mizigo yako bado iko sakafuni kwako. Lori likishaondoka, unabaki na namba ya simu ya dereva na matumaini.

Kuhusu picha za malori mapya, zitazame kwa makini namba za usajili. Namba za magari ya kiraia ya Uganda huanza na herufi U. Ukiona lori lenye namba za nchi nyingine, au namba zilizofutwa kwa makusudi katika picha zote, ujue picha zimeazimwa mahali. Waombe wakutumie picha ya lori litakalokuja Mukono, likiwa na dereva wake na namba zake, iliyopigwa siku hiyohiyo. Ombi hili ni dogo sana kwa mwenye lori, na ni gumu sana kwa asiye nalo.

Kisha uliza jina kamili la kampuni kama lilivyosajiliwa, nawe ulihakikishe katika Ofisi ya Usajili inayojulikana kwa kifupi kama URSB, ambayo makao yake makuu yako Kololo, Kampala, na ambayo kumbukumbu zake hutafutwa pia kwa njia ya intaneti. Uliza vilevile namba yao ya mlipa kodi kutoka URA, mamlaka ya mapato. Wakikuambia kwamba bei itaongezeka asilimia 18 kwa ajili ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, uwaambie kwamba unangoja risiti ya EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, kwa maana aliyesajiliwa kwa kodi hiyo ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kuitoza, na akiitoza hana budi kutoa risiti ya mfumo huo. Nimekutana na wengi wanaoijua asilimia 18 lakini hawajawahi kuisikia EFRIS.

Usiupe usajili uzito usiokuwa nao, lakini. Cheti huthibitisha kwamba jina lipo katika daftari, wala hakithibitishi kwamba mwenye jina ni mwaminifu. Laghai mwenye subira anaweza kusajili biashara kama mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana mimi hupenda kufika kwenye ofisi iliyotajwa katika tangazo na kumuuliza mwenye duka la jirani, si kampuni yenyewe, kama anawafahamu na tangu lini. Muuza vocha aliyekaa hapo miaka minne hana sababu ya kukudanganya.

Sasa mkataba. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba ambao thamani yake inazidi pointi 25 za fedha uwe wa maandishi, na kwa kuwa pointi moja ni shilingi 20,000, kiwango hicho ni shilingi 500,000. Safari yako ni zaidi ya maradufu ya hapo. Kwa hiyo mtu anayekuambia kuwa katika biashara yao neno la mdomo linatosha anakuomba uache kinga ambayo sheria imekupa. Karatasi haihitaji lugha ya mahakamani. Iseme nani anamhamisha nani, kutoka wapi hadi wapi, kwa lori lenye namba gani, tarehe gani litapakia na lini litashusha, bei yote ni kiasi gani, na bei hiyo imejumuisha nini: mafuta, wabebaji wa Mukono, wabebaji wa Arua, turubai, kamba, ada za njiani, na usiku mmoja wa dereva endapo watalala. Iseme pia kwamba hakuna nyongeza yoyote isipokuwa iliyotiwa sahihi na pande zote mbili kabla ya lori kuondoka. Pamoja nayo iwekwe orodha ya mizigo, kila kitu na hali yake: "televisheni moja, kioo kizima, meza ya kulia, mguu mmoja una mkwaruzo". Dereva aitie sahihi akiwa anaviona.

Nakutajia ada za njiani kwa sababu safari ya Arua ni ya karibu kilomita 500, na njia ndefu huzaa visingizio vingi. Mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari ya kwenda Gulu na Arua yalilazimika kuzunguka, na gharama ziliongezeka kweli kwa muda huo. Lakini daraja lilikwisha kufunguliwa, na bado ningekushauri uwaulize sasa hivi, mkiwa Mukono, watapita njia gani, ili Karuma isije ikafungwa tena ndani ya simu ya dereva saa nne za usiku.

Malipo yagawe. Mimi husema asipewe mtu chochote kabla ya lori lenyewe kufika mlangoni, lenye namba zilezile zilizo katika mkataba. Likifika, toa kiasi cha kutosha mafuta. Likishapakiwa na orodha kutiwa sahihi, ongeza kidogo kama mlivyokubaliana. Sehemu kubwa ibaki mpaka kitu cha mwisho kishuke Arua na orodha isomwe tena. Kampuni zinazojiheshimu zina haki ya kutaka dhamana fulani, hasa kwa safari ndefu, nami siwalaumu. Walipwe basi kwa jina la kampuni, kwa risiti, baada ya mkataba.

Swali: Dereva aliongeza bei mizigo ikiwa garini

Shikamoo mwandishi. Nilihama kutoka Nansana kwenda Bombo. Tulipatana na mwenye gari shilingi 300,000 pamoja na wabebaji, kwa kuandikiana WhatsApp. Walipofika Matugga waliegesha gari kando ya barabara, dereva akasema mizigo imezidi na hawaendi mpaka nilipe 650,000. Ilikuwa jioni, nina watoto watatu, nikalipa kwa simu. Tulipofika, televisheni na boksi la sufuria havikuwemo. Mkataba sina. Je, nina haki yoyote?

*Mama wa watoto watatu, Bombo*

Jibu

Marahaba, Mama, na pole sana. Haki unazo, na pengine unao ushahidi mwingi kuliko unavyodhani.

Tuanze na mkataba ambao unasema huna. Shilingi 300,000 ni chini ya kile kiwango cha shilingi 500,000 nilichomweleza Mwalimu, kwa hiyo makubaliano yenu hayakulazimika kuandikwa ili yawe na nguvu. Tena mliyaandika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 haikubali ujumbe ukataliwe kwa sababu tu uko katika simu na si katika karatasi. Usifute mazungumzo hayo, usibadilishe simu bila kuyahifadhi, na uchapishe kurasa zinazoonyesha namba yake, tarehe, bei na neno lake la kukubali. Ujumbe wa malipo ya Matugga nao ni shahidi, kwa sababu unaonyesha saa uliyolipa, kiasi ulicholipa na jina la aliyepokea.

Hapa kuna mambo mawili ambayo inafaa yatenganishwe, kwa kuwa yakichanganywa polisi watakurudisha nyumbani na neno moja tu, kwamba hiyo ni kesi ya madai. La kwanza ni zile shilingi 350,000 za ziada. Ada mliyokubaliana ilikuwa haki ya dereva, na angeweza kuitaka kabla ya kushusha; ziada aliyoibuni njiani hakuwa na haki ya kuidai kwa kushikilia mali yako. Hilo kweli ni dai la fedha. La pili ni televisheni na sufuria zilizopakiwa Nansana na zisifike Bombo. Hilo ni wizi, na ni la polisi. Lifungulie faili peke yake, eleza nani alipakia, nani aliona, gari lilisimama wapi na kwa muda gani, na uombe namba ya faili. Kama jirani wa Nansana aliiona televisheni ikiingia garini, maelezo yake yana thamani kubwa kuliko hasira yetu sote.

Kwa dai la fedha usiogope gharama za wakili. Mahakama za Uganda zina utaratibu wa madai madogo, unaoongozwa na kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000. Humo mdai na mdaiwa husimama wenyewe bila kuwakilishwa na wakili. Utatangulia kumpelekea dereva barua ya madai, ukimtajia kiasi na sababu. Akikaa kimya au akikataa, unajaza fomu katika mahakama ya hakimu inayoendesha utaratibu huo. Kinachowakwamisha wengi ni kutojua mdaiwa anaitwa nani na anapatikana wapi. Una jina lililotokea katika malipo. Je, una namba ya gari? Ukiwa na picha hata moja ya siku ile yenye nyuma ya gari, itafute leo.

Ukinipa ruhusa, nitazungumza pia na wale ambao jambo hili litawakuta kesho, kwa sababu Matugga ina ndugu zake wengi katika kila barabara ya kutoka Kampala. Dereva akisimama na kudai nyongeza, usibishane naye gizani kando ya barabara. Mwambie kwa utulivu kwamba uko tayari kulipa bei yote mliyopatana, na kwamba utailipa katika kituo cha polisi kilicho karibu, mbele ya afisa, mkifika na gari. Piga simu kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kule unakohamia ili awepo mnapofika. Madereva wengi huwa na maneno makali mbele ya mwenye mizigo na maneno laini mbele ya mwenyekiti. Namba ya dharura ya polisi ni 999. Kama huna budi kulipa, kwa ajili ya watoto au usalama, lipa kwa simu na si kwa fedha taslimu, kisha mwandikie papo hapo ujumbe mfupi: "Nimelipa shilingi hizi za ziada kwa kulazimishwa, bila kukubali kwamba nadaiwa, nami nitazidai." Ujumbe huo unaweza kuonekana dhaifu usiku ule, lakini mbele ya hakimu utakuwa na sauti.

Jambo la mwisho kwako, Mama. Mtu mmoja wa familia apande garini pamoja na mizigo, au afuate kwa boda boda. Najua kwamba kwa mzazi aliye peke yake na watoto watatu ushauri huu ni rahisi kuuandika kuliko kuutekeleza. Basi mwombe kaka, shemeji au kijana wa jirani unayemwamini, na umlipe nauli yake. Televisheni hupotea mahali ambapo gari husimama bila mtu wa nyumba kuwepo.

Swali: Fuso la steji au kampuni?

Sisi askari huhama mara kwa mara, na kawaida huchukua Fuso au Canter kutoka steji ya magari ya mizigo. Mke wangu anasema ni hatari, twende kwa kampuni. Nani yuko sahihi?

*Askari, Jinja*

Jibu

Afande, nyote wawili, kwa hiyo usiutumie ukurasa huu kumshinda mama watoto. Mtu wa steji ana kitu ambacho kampuni ya Facebook haina, yaani mahali anapopatikana kesho. Steji ina mwenyekiti, wenzake wanamjua, na akikuibia anaharibu kazi ya wote. Nenda mwenyewe, mwambie mwenyekiti jina lako na safari yako mbele ya dereva, piga picha ya kitambulisho cha dereva, kibali chake cha kuendesha na namba za gari. Usimchukue anayekufuata nje ya steji akikunong'oneza bei nafuu. Mara nyingi huyo ni dalali asiye na gari, na nafuu yake utailipa kwa mwingine.

Kampuni nzuri hukuzidishia vifaa na bima: maboksi, blanketi za kufungia makabati, watu waliozoea kubeba friji ikiwa wima. Kuhusu bima, uliza swali moja tu: ni bima ya nini? Bima ambayo kila gari hulazimika kuwa nayo barabarani ni ya kuwalinda watu wengine wanaoumizwa na gari hilo, wala haihusu sofa yako iliyo ndani yake. Ikiwa wanasema mizigo ina bima, waonyeshe hati ya bima ya mizigo iliyo safarini, yenye jina la kampuni ya bima na tarehe ambayo haijapita.

Na uangalie turubai kwa macho yako. Mimi nilihama kutoka Kawempe kwenda Kira mwezi wa Aprili, kwa kampuni iliyokuwa na kila kitu isipokuwa turubai zima. Nililiona limekunjwa vizuri juu ya kibanda cha dereva, nikaridhika. Lilipokunjuliwa Bwaise, mvua ikiwa imekwisha kuanza, lilikuwa na tundu ambalo mtu angeweza kupitisha kichwa, na magodoro mawili yalifika Kira yakiwa mazito kuliko kabati. Tangu siku hiyo huomba turubai likunjuliwe kwanza.

Swali: Dereva anadai pesa ya forodha

Tunarudi Bukoba baada ya miaka saba Kampala. Mwenye lori anataka tumpe shilingi 800,000 mapema kwa ajili ya forodha pale Mutukula, anasema yeye anajuana nao. Ni sawa?

*Familia ya Kitanzania, Kampala*

Jibu

Si sawa, ndugu zangu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha wa ushuru kwa vyombo vya nyumbani vilivyotumika vya mkazi anayerejea, kwa masharti yake, na gari la kutembelea lina masharti yake mengine. Andaeni orodha ya vyombo, hati za kusafiria, na ushahidi wa kuishi Kampala, kama mkataba wa nyumba au barua ya mwajiri, kisha muulizeni wakala wa forodha aliyesajiliwa. Ikitokea kuna malipo upande wa Tanzania, yatakuja na namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, nanyi mtalipa wenyewe kwa benki au simu. "Kujuana nao" hakuna risiti, na mkikamatwa mizigo itakuwa kwa jina lenu, si kwa jina la dereva.

Swali: Dada yangu anahama huko Marekani

Dada yangu anaishi Waltham, Massachusetts, na anahamia Dallas. Amepata bei ya dola 2,400 kwa intaneti, lakini mkataba unasema bei inaweza kupanda. Ameniuliza mimi niliye Kampala, nami nakuuliza wewe.

*Msomaji, Kawempe*

Jibu

Kumbe ulaghai nao una pasipoti. Huko pia mchezo mkubwa ni uleule wa Matugga, yaani kupakia kwa bei ndogo na kushikilia mizigo mpaka mtu alipe bei kubwa, ila dada yako ana kanuni zilizoandikwa waziwazi. Kwa kuwa anavuka mipaka ya majimbo, mhamishaji wake yuko chini ya idara ya serikali kuu iitwayo FMCSA, inayosimamia magari ya mizigo, na lazima awe na namba yake ya usajili iitwayo USDOT. Aitafute namba hiyo katika tovuti ya idara, aone kama imesajiliwa kwa kubeba mali za nyumbani na kama jina linafanana na la mkataba. Aangalie pia kama aliyempa bei ni mwenye malori au ni dalali tu. Dalali halali hulazimika kusema kuwa yeye ni dalali.

Makadirio ya bei huko ni ya aina mbili. Kuna yanayofunga, ambayo kwa vitu na huduma zilizoorodheshwa hayaongezeki. Kuna yasiyofunga, ambayo hukokotolewa upya kwa uzito halisi, na haya ndiyo ya dada yako. Lakini hata hayo yana mpaka: mlangoni Dallas mhamishaji hawezi kumlazimisha alipe zaidi ya asilimia 110 ya makadirio ndipo ashushe. Kwa dola 2,400 ni dola 2,640. Kilichobaki kihalali hungoja, na ana siku 30 za kukilipa. Kanuni hizo zinataka pia mizigo ikaguliwe kabla ya kukadiriwa, ana kwa ana au kwa video, isipokuwa mteja akubali kwa maandishi kuliacha hilo. Mwulize dada yako kama kuna karatasi aliyotia sahihi bila kuisoma.

Mwisho ni fidia. Asipoangalia, atatia sahihi ya kukubali kinga ya bure, ambayo humlipa senti 60 tu kwa kila ratili ya kitu kilichoharibika, hata kikiwa cha thamani gani. Televisheni ya ratili 50, ambayo ni kama kilo 23, italipwa dola 30. Kinga kamili hugharimu zaidi, lakini hiyo ndiyo anayopaswa kupewa mpaka aikatae mwenyewe kwa maandishi. Kitu kikivunjika au kikipotea, ana miezi tisa ya kuwasilisha madai yake kwa maandishi, naye atahitaji ile orodha ya mizigo aliyopewa Waltham siku ya kupakia. Asiiweke ndani ya boksi lolote linalopanda lorini.